Mabingobingo ya Babu Longinus

Mwaka wa 1974 watu walipohamishiwa vijiji vya barabarani, Babu Longinus alishuka kutoka vilima vya Kasulu na mkewe Odilia, binti yao Esteria aliyekuwa mjamzito, na Bihogo, ng'ombe pekee aliyesalia. Esteria alijifungua huko kijijini, akafariki siku ileile. Mungu amlaze pema. Akaacha kichanga, Yustina, na maziwa ya Bihogo ndiyo yakawa titi lake.

Kule kilimani Bihogo alizoea ukoka, majani mafupi yanayostawi penye mazizi ya zamani. Kijijini zilikuwapo nyasi za kuezekea tu, ngumu kama waya. Bwana mifugo, kijana aitwaye Nestori, akampa Babu vipande vya mabingobingo, yaani majani ya tembo ya kulishia ng'ombe, apande bondeni.

"Yakifika kiunoni, Mzee, kata. Usiyaache yakomae."

Babu akacheka. "Ndama hachinjwi, bwana. Yaache yakue, tupate shibe."

Tangu utoto alikuwa mchungaji. Majani hakuwahi kuyakata. Ng'ombe ndio walioyafuata. Basi mabingobingo yakapanda yakampita kimo.

Kiangazi kilipokaza, maziwa yakapungua. Babu akaanza kumjaribu Bihogo: leo nyasi za kuezekea, kesho mabingobingo, keshokutwa ukoka alioufuata kwenye mahame yake kule kilimani. Kwa ukoka, kibuyu kilijaa. Kwa mabingobingo, Bihogo alinyofoa ncha, akaacha mashina yamelala kama kuni. Maziwa yakawa haba kama ya nyasi za kuezekea.

"Waona? Majani ya serikali hayana kitu," Babu akasema.

"Baba Esteria, muulize yule kijana," Odilia akasihi.

"Mimi, niulize namna ya kulisha ng'ombe?"

Akawa anapanda kilima kufuata ukoka, mpaka jua likaumaliza nao. Yustina akapewa uji mwepesi wa muhogo. Akatapika. Miguu ikavimba.

Siku moja Nestori akapita, akasimama mbele ya yale mashina. "Mzee, unafuga ng'ombe au tembo?" Kisha akamwona mtoto mgongoni mwa Odilia, na kicheko kikamkauka. "Yafyeke yote leo. Yaote upya."

Babu akayafyeka. Machipukizi hayajafika magotini, Yustina akaitwa na Mola. Wakamzika ubavuni mwa mama yake.

Mvua zikaja. Mabingobingo yakachipua laini. Babu akayakata mapema, Bihogo akala asibakize hata kikonyo. Baada ya siku chache, kibuyu kikawa kizito tena. Odilia akasimama amekishika.

"Nimpe nani?"

 "Mpelekee Niyonsaba," Babu akasema. Huyo alikuwa jirani yao, mkimbizi kutoka Burundi, mwenye mapacha wanaonyonya.

Jioni ile walipiga magoti kusali kama kawaida. Walipofika kwenye "utupe leo mkate wetu," Babu akaishia hapo, na Odilia akaimaliza sala peke yake.