Mbwa Aliyeoshwa Mara Saba

Mwenzangu, hili nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka sana. Ukicheka kidogo nitakusamehe.

Juzi nilimpeleka mwanangu mdogo hospitali kubadilishwa bendeji, kajikata na jembe. Muuguzi akafungua chupa ya spiriti, na ile harufu kali iliponipiga tu, hospitali sikuiona tena. Nililiona banda la makuti kule kwetu Makangale, na ndani yake kalala mbwa jike, kavaa kipande cha kanga. Nikacheka peke yangu mpaka muuguzi akanitazama. Kumweleza pale pale nisingeweza. Lakini kalamu nimeijua ukubwani, kwenye darasa la jioni, basi ngoja niitumie.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Shamba letu la muhogo lilipakana na msitu wa Ngezi, na nguruwe walilijua kuliko sisi wenyewe. Ndiyo maana baba akafuga mbwa. Alimpa jina Wachewaseme, kwa kuwa watu walimsema sana kwa kufuga mbwa, nasi watoto tukalifupisha, Wache. Baba akiliita jina zima jioni, kwa sauti, jirani aliyekuwa akitusengenya hunyamaza.

Kwetu mbwa wa shamba si haramu, lakini ana mipaka yake. Uani haingii, chombo hagusi, na ulimi wake ukikugusa unajua la kufanya: waosha mara saba, moja iwe kwa udongo. Hilo nililijua mapema sana chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, nami nilikuwa mtoto wa kujisifu kwa kila ninalolijua.

Shida ya Wache ilikuwa kuzaa. Kila mwaka vitoto sita, saba, vinakulia msituni, kisha vinarudi kula kuku wa watu. Mwisho Mzee Sheha, mkubwa wa kijiji, akaja barazani kwetu, akanywa kahawa, akamwambia baba kwa upole kabisa kwamba mzao mwengine ukitokea, mama mtu atapigwa marungu. Baba alijua kwamba yule mzee hatishi, anaarifu. Na bila Wache muhogo wetu usingefika msimu, nasi tulikuwa watoto sita tunaoutegemea.

Ikasadifu daktari wa ng'ombe kutoka Unguja yuko Konde, kaja kuwadunga ng'ombe sindano kijiji kwa kijiji. Baba akamfuata. Alirudi na habari ambayo kwetu haijapata kusikiwa: mbwa hupasuliwa, akatolewa kizazi, akashonwa, akaishi.

Hapo nikakosa utulivu. Kizazi kikoje? Kikishatolewa, pale mahali pake panabaki wazi, au panajaa chakula? Nilimwuliza mama, akanambia nikatwange.

Siku yenyewe Wache alilazwa juu ya ubao wa mlango mbovu, nyuma ya banda. Daktari akamdunga, akalegea kama nguo iliyorowa. Watoto wenzangu walikimbia, mie nikasogea mpaka nikaambiwa nimemzibia mtu mwanga. Kilichotoka kilikuwa kitu chekundu, chembamba, chenye pembe mbili, na nikastaajabu kwamba vitoto vyote vile vilipata kukaa humo. Kisha akashona, mshono mzuri kuliko wa fundi wetu wa kanzu. Mama alikuwa mbali, kwenye tundu la kuku, anajifanya anatafuta yai. Alikuwa mja mzito, mimba yake ya tisa.

Kazi ya kumwuguza nilipewa mie, kwa kuwa sikuwa na woga. Baba alinambia mambo mawili tu: asikimbie, na asijirambe. Uji wa pumba nilimtilia kwa upawa wenye mpini mrefu, nisimguse wala asiniguse. Kutwa nimekaa mlangoni mwa banda nautazama ule mshono ukipanda na kushuka kwa pumzi zake.

Siku ya tatu nilikwenda kunywa maji. Kurudi, Wache anajiramba mshono, taratibu, kwa raha zake.

Sasa fikiri kama mtoto wa chuo. Ulimi wa mbwa umegusa kitu. Kitu kilichoguswa na ulimi wa mbwa hufanywa nini? Nikaenda kuchimba udongo mwekundu wa kichuguu, ule laini, nikaukoroga na maji kwenye kifuu, nikamsugua pole pole kwa kitambaa nilichokifunga kwenye ncha ya kijiti. Kisha maji matupu, mara sita. Nilihesabu kwa vidole, wala sikukosea. Wache alinitazama tu. Nilijiona nimefanya jema ambalo hata baba hakulifikiria, na kesho yake alipojiramba tena, nikarudia.

Siku ya tano harufu ikabadilika. Tumbo limevimba, limekuwa la moto, uji hautaki. Baba alichutama mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Sheha hatakuwa na haja ya rungu tena."

Nikamfuata mama jikoni nikamwambia yote, na hesabu yake. Nilingoja kofi, halikuja. Aliniuliza nimeuchimba wapi huo udongo, akafunika chungu, akatoka kumwambia baba awahi Konde, daktari asije akaondoka.

Daktari alikuja na baiskeli. Akafungua nyuzi mbili, usaha ukatoka, na ile harufu ya spiriti ikajaa bandani. Baba alimshika Wache miguu. Wa kumshika kichwa hakuna, maana mie nilipewa chupa ya spiriti niishike. Basi mama yangu, ambaye akipita karibu na yule mbwa hukusanya nguo zake, alipiga magoti na tumbo lake lile, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Nani kalitia udongo jeraha hili?" daktari akauliza.

"Mie," nikasema. "Kajiramba. Nikamwosha mara saba."

"Saba?"

"Saba. Ya kwanza kwa udongo."

Baba akainamisha uso. Watu wa Unguja hawaishiwi na maneno, lakini yule aliufuta usaha kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, mbwa hasali. Twahara ile ya mara saba ni yako weye."

Alipomaliza kusafisha na kudunga sindano, mama akauliza bila kuinua macho, "Na huyu hatazaa tena?"

"Hatazaa tena, Bi mkubwa."

Mama alimtazama Wache kitambo. "Haya," akasema. "Apumzike."

Kisha akenda kisimani, akaniita nimmiminie maji. Alisugua mikono kwa udongo mpaka viwiko, akasuuza mara sita, bila haraka wala kuchukia. Mie nahesabu. Aliporudi alichukua kanga yake kuukuu, akaipasua, akamshonea Wache kivazi cha kumfunika tumbo asijirambe. Maandishi ya ile kanga yalikuwa yamefutika, limebaki neno moja mgongoni: SUBIRA. Wiki ya tatu Wache alimfukuza nguruwe hali kakivaa, na Mzee Sheha, aliyekuwa njiani, alicheka mpaka akashika mti. Habari ya marungu hakuitaja tena.

Miaka mingi nilidhani siku ile nilifundishwa fikihi tu, sheria za ibada: kwamba kuosha najisi ni amri juu yangu mie, mnyama hana dhambi nayo. Hilo ni kweli, na nawafundisha wanangu. Lakini lile neno la mama, "apumzike", sikulijua uzito wake mpaka nilipofika umri wake, nimezaa mara saba na kuzika wawili. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja. Na bado zipo siku naukumbuka uso wa mama pale bandani, na najua sasa hakuwa akimtazama mbwa peke yake.

Basi, mwenzangu, ukiwa na mtoto anayejua mengi na anayeuliza mengi, mhadithie habari ya Wache, naye amhadithie mwengine. Mwache acheke akifika pale pa mara saba. Lakini usimkatie hapo, mfikishe mpaka kisimani, kwa mama yangu, ambaye aligusa kwanza, kisha akanawa.