Tunda Tulilolizika Kisian

Wengi waliorudi husema walidanganywa. Mimi sikudanganywa. Wakala aliyekuwa na chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Nyamasaria aliniambia wazi kwamba ni vita, tena vya watu wengine, na mkataba ni wa mwaka mmoja. Nilikuwa nimelinda lango la shule kwa miaka sita nikiwa na rungu. Nilitaka bunduki. Nimejitafutia sababu nyingine nzuri zaidi, sijaipata.

Aliyedanganywa ni rafiki yangu wa Kisian, fundi wa pikipiki, na aliyemdanganya ni mimi. Wakala alichukua watu wawili wawili, kwa kuwa mtu akiwa peke yake hutoroka uwanja wa ndege. Nilimwambia tunaenda kulinda maghala. Aliuliza jambo moja tu: "Huko kuna magari ya kutengeneza?" Nikasema yapo mengi.

Tulifunzwa siku kumi na mbili. Sajenti wetu alijua Kiingereza kidogo, na neno alilolipenda ni watalii. Alituita hivyo sote tuliotoka Afrika. Kila asubuhi aligonga sufuria kwa mwiko. "Watalii, amkeni! Simba wanangoja!" Wenzake hawakuchoka kucheka. Siku ya tatu rafiki yangu alilifufua jenereta lao lililokufa, akaamini watambakiza karakana. Sajenti alimpigapiga begani, akamsifu mbele ya kila mtu, kisha akaliandika jina lake kuwa la kwanza kwenye orodha ya kwenda mbele.

Kazi yetu ilikuwa kutembea mbele ili waliobaki nyuma waone risasi zinatoka wapi. Siku ya kumi na tatu tulivuka shamba la alizeti lililokauka. Hatukufika nusu. Kidege kisicho na rubani kilitushushia bomu. Mimi nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Yeye alifunguliwa tumbo na paja.

Sajenti alitambaa hadi tulipokuwa. Nilimwambia tukimshika wawili tunaweza kumvuta. Alimtazama mara moja tu.

"Mtalii," akaniambia, "chukua bunduki yake. Bunduki ni yetu."

Rafiki yangu alikuwa ameukamata mkanda wa bunduki. Nilimfungua vidole, kimoja baada ya kingine. Alikuwa anapumua na anaona vizuri.

"Omera," alisema, kama tunavyoitana sisi marafiki, "haya ndiyo maghala?"

Nikaondoka na bunduki. Kwa umbali fulani niliendelea kumsikia akimwita mama yake. Hatukurudi pale tena. Jeraha langu likaoza, mkono ukawa haushiki kitu, wakaniona sina faida wakanirudisha.

Mama yake aliniita Kisian wiki niliyofika. Sebuleni kulikuwa na yeye na shemeji yake, mzee aliyesimamia mambo ya boma. Kwetu, mtu akizama ziwani asipatikane, au akifia mbali mwili usirudi, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu na zito kama mtoto mchanga. Likishafukiwa, mtu huyo amekufa. Hata akitokea barabarani kesho, lango la boma si lake tena. Kwa hiyo halizikwi kwa uvumi. Lazima aje mtu aliyeona.

"Wewe uliona?" mzee akauliza.

"Niliona, Mzee."

"Mimi nataka kusikia akiniambia mimi," mama akasema. "Usinihurumie, nyathina, mtoto wangu. Huruma yako sina pa kuiweka. Mwanangu alikuwa amekufa?"

Ningesema hapana, swali la pili lingekuwa kwa nini nilimwacha.

"Alikuwa amekufa, Mama."

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

Alishusha pumzi ndefu. Akaniambia asante. Kisha akasema mkono uliomfumba mwanawe macho ndio utakaomlaza, na mzee akakubali.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Yago lilivishwa shati lake la kanisani, likafungwa kwa blanketi. Mchungaji aliomba kifupi. Hakupenda mambo ya tunda lakini alikula chakula cha matanga kama sisi. Nilishuka kaburini. Kwa vile mkono wangu haukushika sawasawa, tunda liliniponyoka, likagonga chini. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Unamuumiza tena!" Watu wakamnyamazisha.

Baada ya wageni kupungua nilimkuta mama jikoni, ameshika simu ndogo ya vibonye. Tangu tuondoke alikuwa akiipeleka dukani kila siku ichajiwe, hata kanisani hakuizima. Sasa alikuwa anatoa betri. Nilikuwa nimesikia, nikiwa bado hospitalini kule, kwamba upande wa pili huokota majeruhi, na mateka wengine huruhusiwa kupiga simu nyumbani mara moja.

"Mama, si uiache tu iwake?" nikasema.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Anipigie nani? Si wewe ndiye umetuambia?"

Akamwita jirani yake, akampa ile simu.