Machungwa sita, glasi moja

Leo mama mdogo ameniumbua jikoni kwangu, na nimezidi kumheshimu.

Nimeacha sukari kwenye chai ili nipungue, magoti yapate nafuu. Badala yake nakunywa juisi.

Ameshuka kutoka Usangi akanikuta nakamua machungwa sita.

"Ungeweza kuyatafuna yote hayo?"

"Mawili tu ningeshiba. Lakini mama, hii ni sukari ya tunda!"

"Ukishaikamua, tumbo halioni tofauti na ya dukani. Makapi yanayoshibisha umeyatupa."

Akanipa ndizi mbivu moja. "Tafuna polepole, kama dada yangu, mama yenu, alivyowafundisha."

Nikaimenya, nikakumbuka.

Miaka ile sukari ilipoadimika, marehemu mama alitugawia ndizi moja moja ya kunywea chai. "Polepole," alisema.

Nami nilidhani ni shida tu.

Ninyi wa miaka ile, chai mliinywea nini?