Bibi na Chui wa Blanketi

Nikikata kamba za robota la mablanketi, harufu ya kwanza kutoka ni ya nailoni mpya iliyochanganyika na vidonge vya kufukuza nondo. Inayofuata ni ya vumbi la magodauni yote robota lilikopita. Wasichana wangu wa dukani hupiga chafya. Mimi huvuta pumzi, maana najua kabla sijalifunua kwamba katikati ya maua na tausi atakuwamo yeye, chui mwenye milia, amelala, kidevu juu, macho yamefunguka kama ya mtu aliyesikia akitajwa jina.

Duka langu liko Murongo, karibu na mpaka wa Uganda. Nilianza kwa kuuza maharage chini, juu ya gunia, na hakuna aliyenishika mkono. Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili usije ukatafuta humu maneno ya wasomi. Lakini kutazama nilifundishwa, na aliyenifundisha ni bibi yangu, mama yake baba, huko Kibingo, miaka ile baada ya vita na Uganda, wakati sabuni ilifichwa sandukuni na chumvi ilipimwa kwa kijiko.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Nilipouliza alifananaje, baba aliniambia nimtazame mama mdogo, mdogo wake mama. Nikamtazama siku nzima. Jioni mama mdogo akaniuliza nina shida gani naye, na nilipomweleza akasema wao wawili hawakufanana hata kidogo, mama alikuwa mzuri. Basi nikalala bila uso wa mama, kama nilivyozoea.

Sasa nikueleze jambo la ukoo wake bibi, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu kila ukoo una muziro, yaani kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi, hawakiui, wala hawakifanyii dharau. Wa wengine ni samaki fulani, wa wengine ni nyani. Wa bibi ulikuwa chui. Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani na nyimbo zote alizijua kwa moyo, lakini muziro wake hakuuacha mlangoni. Aliingia nao na kutoka nao.

Mara moja nilimwona chui wa kweli pamoja naye. Tulikuwa tumepanda mlimani kukata nyasi za kutandaza shambani kwenye migomba. Ilikuwa asubuhi, umande bado, na kule juu kulikuwa na harufu ya nyasi zilizokatwa na ya mavi ya nyani. Bibi alisimama ghafla, akashusha mzigo wake polepole kama anayeshusha mtoto aliyelala. Mimi sikuona kitu. Niliona jiwe, na juu ya jiwe kivuli cha majani. Kisha kivuli kikapumua.

Nikataka kukimbia. Bibi alinishika kisogo, si kwa nguvu, akasema, "Tazama. Usimkodolee macho, ila tazama."

Akamsalimia kwa Kinyambo, vilevile kama anavyosalimiwa kaka mkubwa aliyefika nyumbani. Chui akageuza sikio moja. Nakumbuka kila kitu: mkia ulioning'inia na kujikunja nchani peke yake, madoa yaliyokuwa makubwa ubavuni na madogo usoni, nzi aliyetua juu ya pua asifukuzwe. Baadaye akainuka bila haraka, akajinyoosha, akashuka upande wa pili. Bibi akajitwika nyasi zake.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona, bibi."

"Basi leo umekula."

Tangu siku hiyo nilimwamini kwa kila jambo. Kwa hiyo tumbo lake lilipoanza kuvimba, na wauguzi wa hospitali ya Nyakahanga waliposema lazima apasuliwe, hofu yangu haikuwa hofu ya mtoto tu. Nilijua mtu akienda asirudi, uso wake nao hauchukui muda mrefu kuondoka. Nilimfuata baba kwenye jamvi la kahawa, alikuwa anageuza buni zikauke sawasawa, nikamwambia, "Baba, bibi apigwe picha kwanza."

Baba aliendelea kugeuza buni. Nikafikiri ananikatalia. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Deo atapita Jumapili. Nitamwambia."

Deo alikuwa mpiga picha aliyezunguka na baiskeli, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda zamani, wakavuka wakiwa na yeye kichwani kwenye beseni, au ndivyo alivyopenda kusimulia. Nyuma ya baiskeli alifunga kamera kwenye mfuko wa ngozi, na juu yake blanketi kubwa la chui mwenye milia, lililoingia nchini kutoka Uganda bila kuaga mtu. Alilitundika nyuma ya kila aliyepigwa picha. Ukienda nyumba yoyote ya Kibingo yenye picha za wakati ule, utamkuta chui huyohuyo: nyuma ya bibi harusi, nyuma ya katekista, nyuma ya watoto wa kipaimara wenye soksi ndefu.

Jumapili ile alilitundika kwenye kamba kati ya migomba miwili, akaweka kiti. Bibi alitoka ndani amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amejipaka samli usoni akang'aa. Akafika kwenye kiti, akamwona aliyening'inia, akasimama.

"Shikamoo, bibi," alisema Deo.

"Marahaba. Huyo ni nani?"

"Ni urembo tu, bibi. Kaa hapa."

"Sijauliza kama amependeza. Nimeuliza ni nani."

Baba akakohoa. "Mama, ni blanketi."

"Najua ni blanketi. Macho ninayo. Hapo juu ya blanketi ni chui, na mimi simpi chui mgongo."

Mama mdogo aliyekuwa amekuja kutazama akasema chui wa ukoo ana madoa, huyu ana mistari, kwa hiyo muziro haumhusu. Baba akaunga mkono. Jirani mmoja, mzee mwenye kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, akasema mistari ni madoa yaliyonyooshwa. Wakaanza kubishana, na jua lilikuwa linapanda. Deo alitazama jua, akatazama kamera yake, akasema imebaki picha moja tu ndani, nayo ameitunza tangu alipotoka Kaisho kwa ajili ya nyumba hii.

Mimi niliposikia moja, nikamvuta bibi gauni. "Bibi, kaa. Tafadhali kaa."

Aliniangalia kwa muda. Nadhani alielewa ninachoomba, maana hakunikemea. Akamgeukia Deo. "Wewe umewahi kumwona mnyama huyu, au unambeba tu?"

Hapo Deo akabadilika. Akaacha maneno ya biashara, akatoa kwenye mfuko wa shati picha ndogo iliyokatika pembe. Alisema kabla ya vita alikuwa kibarua wa mpiga picha mmoja huko Uganda, na siku moja walikwenda kwenye bustani ya wanyama kando ya ziwa. Picha ile alipiga mwenyewe, ya kwanza maishani mwake.

Tulijazana kuitazama. Mwanzoni niliona vyuma tu. Milia ya mnyama na kivuli cha vyuma vilikuwa vimeingiliana hadi huwezi kujua kipi ni ngozi na kipi ni kizuizi. Ilibidi kumtafuta, kama yule wa juu ya jiwe. Kisha nikaona mbavu, na paja, na kichwa kilichogeukia ukutani.

"Mbona haangalii?" niliuliza.

"Alikuwa haangalii watu," alisema Deo. "Watu walipiga miluzi, wakamrushia maganda. Hakugeuka. Bosi wangu akachoka akaenda kunywa soda. Mimi nilibaki pale mpaka jua likahama, nikidhani atageuka. Ndiyo hiyo."

"Alikuwa peke yake?" aliuliza bibi.

"Peke yake."

"Kwao wapi?"

"Mbali, bibi. Wanasema Bara Hindi. Waliletwa wawili kwa meli, mmoja akafa."

Bibi aliishika picha ile karibu na jicho, kisha mbali, kisha karibu tena. Akamrudishia Deo. Akakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, chui wa blanketi juu ya bega lake. Baba akashusha pumzi. Deo akainama, akasema, "Angalia hapa, bibi. Tulia."

Upepo ulitoka bondeni. Nauona hadi leo ukija, migomba ikiinama mmoja baada ya mwingine. Ukaingia nyuma ya blanketi, likajaa, na chui akavimba kifua kama anayepumua. Bibi akageuka. Akainua mkono wake wa kulia kidogo, akasema maneno yale ya salamu. Na Deo, kidole kikiwa tayari, akabonyeza.

Baba ndiye aliyeongea kwanza. "Mama, umefanya nini?"

"Nimemsalimia. Katoka kote huko, mlitaka nimwache hivyohivyo?"

Jirani wa rubisi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki hiyo bibi alipandishwa kwenye lori la kahawa kwenda Nyakahanga, amekaa mbele na dereva, na aliponipungia mkono uso wake haukuonekana, kioo kilikuwa na vumbi.

Picha ilirudi kutoka Bukoba, ilikopelekwa kusafishwa, bibi akiwa bado hospitali, na hatukuwa na habari kama ameamka. Deo aliileta mwenyewe, akampa baba, akakaa mbali. Baba aliitazama akanipa. Ilikuwa shavu, sikio, kitambaa cheupe, mkono ulioinuka. Jicho moja, la pembeni. Uso uliobaki ulikuwa umemgeukia chui. Nilikasirika kwa hasira ambayo mtoto huwa nayo kwa mtu anayempenda. Nilitaka uso mzima, nikapewa nusu, na nusu ile nililala nayo chini ya mkeka kila usiku.

Bibi alirudi. Amekonda, tumbo limeshonwa, mdomo vilevile. Akaitazama picha akasema mkono umetoka vizuri. Aliishi hadi nikaanza biashara, akala sukari ya kwanza niliyonunua kwa fedha yangu. Lakini hakupigwa picha tena. Kila Deo alipopita, alisema ile moja inatosha.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Uganda kufuata mzigo, nikapata siku ya kupumzika, nikaenda kwenye bustani ile kando ya ziwa. Yupo chui mwenye milia. Si yule wa Deo, bila shaka, na huyu ana uwanja mpana na bwawa la kuogea. Nilikuta watu wengi kwenye uzio, vijana, wanafunzi, baba na mama zao, na wote walikuwa wamempa mgongo. Wameinua simu juu, wanatabasamu kwenye simu, yeye nyuma ya bega lao. Anapigwa picha, anaondoka, anakuja mwingine. Kijana mmoja aliniomba nisogee, namharibia picha.

Sikusogea. Nilishika uzio nikatazama. Alikuwa anakunywa maji, na ulimi wake ulikuwa wa waridi, na masikioni kwa nyuma ana doa jeupe kila upande ambalo mtengeneza mablanketi hakuwahi kulichora. Nimeuza chui huyo miaka yote hii nisijue ana doa hilo.

Ile picha ipo dukani, nimeiwekea fremu na kioo, juu ya meza ya kukatia kamba. Wateja huniuliza kwa nini yule mama hakuangalia kamera. Siku hizi nawajibu: yule alikuwa na mgeni. Uso mzima niliokuwa nautaka ungekuwa uso wa mtu aliyeambiwa atulie. Huu niliopewa ni uso wa bibi yangu akitazama, na ndio niliomjua nao tangu mlimani. Mtoto aliyelala juu ya picha ile aliona nusu. Mimi sioni kilichopungua.

Siku ile, kabla ya kutoka bustanini, niliinua mkono kidogo, nikamsalimia kwa Kinyambo. Yule kijana alinishangaa. Chui aligeuza sikio moja.