Kaka Alipolamba Mfupa Chakol

Kaka yangu alifundisha jiografia hadi akastaafu, na tangu hapo kila nikiondoka na lori Mombasa kuelekea mpakani, yumo kwenye kiti cha pembeni. Mimi naendesha, yeye anatafuta visukuku, ile mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Ana daftari la vituo vyake: mahali barabara ilipokata kilima, kingo za mito iliyokauka, machimbo ya kokoto. Tunasimama, anakwaruza, anapiga picha, kisha anarudisha kitu palepale kwa sababu sheria hairuhusu kuchukua. Mimi huegemea gurudumu nikinung'unika. Mzee mzima, magoti kwenye vumbi!

Akiokota kitu hukilamba. Usicheke. Mfupa wa kale hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Ndivyo wanavyopima watu wa kazi hiyo.

Siku hiyo tulipita Bumala, tukaingia Busia, tukashika njia ya Malaba. Karibu na Chakol matrekta yalikuwa yamepanua barabara na kuacha ukingo mrefu wa udongo mwekundu. Kaka mwenyewe alisema mawe ya huku hayatunzi mifupa. "Lakini simama kidogo," akaongeza. Nilisimama kwa sababu nilitaka chai.

Nilikuwa namimina kikombe cha kwanza nilipomwona amepiga magoti, ameinua kipande cha mfupa, anakilamba. Kisha akakipima kiganjani, uso ukambadilika. Kisukuku ni kizito. Kile kilikuwa chepesi.

Juu ya ukingo alisimama mama mmoja mwenye jembe, ametoka kupalilia. Alikuwa ameona yote.

"Mchawi! Anakula bwanangu! Kujeni muone!"

Watu walitoka kwenye mihogo, walitoka dukani, wengine waliruka kutoka kwenye pikipiki. Mpini wa jembe ulimpata kaka begani, jiwe likampasua paji la uso, mtu akamkanyaga mkono. Nilisikia jino likigonga jiwe. Walikuwa wanamuua, na mimi bado nilikuwa nimeshika kikombe.

Hasira yangu haijui kuuliza. Nilichomoa spana ya magurudumu nikaingia katikati nikipiga. Mwanamume mwenye shati la njano alikuwa amemwinamia kaka. Nilimshushia spana kwenye mkono wa kulia, mfupa ukalia kama muhogo unaovunjwa. Nasema ukweli: nilifurahi. Nilitaka kuuvunja na wa pili, ila tofali liliniangusha.

Nikiwa chini nilimpigia kaka kelele, "Sema ni jiwe! Waambie ni jiwe!" Jiwe halina mjane wala ndugu. Pengine wangesita.

Mdomo wake ulijaa damu, jicho moja lilikuwa limefumba. Akapiga magoti tena, akamnyooshea yule mama mfupa kwa mikono miwili.

"Mama, si jiwe. Ni mtu. Nimekosa."

Nilijua sasa watammaliza. Lakini mama alishusha jembe, akaupokea mfupa akautazama. "Walituambia wamehamisha wote," akasema. Wenye kuchimba barabara ndio waliohamisha kaburi la mumewe, lililokuwa hapo ukingoni. Jiwe jingine likarushwa. Mama akajitupa juu ya kaka yangu, likampata yeye mgongoni. Ndipo mikono ikaanza kushuka.

Jicho la kaka halikupona. Hata hivyo, mama alipoalika watu kuja kuzika tena mifupa iliyobaki ukingoni, kaka alisema lazima twende. Niliogopa, nikaenda.

Baada ya maombi waliita ndugu wa marehemu atupe udongo wa kwanza. Akatokea yule mtu niliyemvunja. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo alichota kwa kushoto, udongo mwingi ukamwagikia viatuni. Hakuna aliyemsaidia, kwani ilikuwa kazi yake.

Alipomaliza alikuja moja kwa moja nilipokuwa. Nilijiandaa kupigwa, na nilitamani anipige.

"Boss," akasema taratibu, "ile siku nilikuwa nimeinama niinue huyu mzee yako. Niliona watamuua."

 Kaka alinitazama kwa jicho lake moja, kisha akatazama pembeni. Nilichukua sepetu nikaanza kujaza kaburi, na watu wakaniacha nijaze peke yangu.