Fundo la Gunia kwenye Gati la Homa Bay

Mama mkwe wangu aliuza omena kabla ya kuwa na boti, na mikono yake ilijua fundo moja tu, la gunia. Sokoni ni fundo zuri. Mteja akitaka kuona samaki, unavuta ncha mara moja, gunia linafunguka. Ijumaa ile, jua likikaribia kuzama, nilimwona akifunga fundo hilohilo kwenye matairi ya boti yake, na mwili ukanisisimka.

Tulikuwa tumetoka Sindo kwenda makambi ya kanisa Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya tisini, gugu maji lilipokuwa halijaziba ghuba. Kwetu Sindo boti huvutwa mpaka mchangani, haigongani na kitu. Homa Bay kuna gati la zege. Bila tairi kuukuu la kukinga ubao, hata wimbi dogo litaitafuna boti mpaka mbavu. Kijana tuliyemkodi kuendesha alijitwika mashine yake ya boti begani, akaenda kwa jamaa zake mjini, akatuachia matairi na kamba ya nailoni.

Boti ile ndiyo iliyotulisha. Mama alikuwa mjane. Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa machimboni Osiri akichimba dhahabu ambayo macho yetu hayajaiona mpaka leo. Mama, mimi na mtoto wangu wa kunyonya tulikula kwa boti hiyo. Ikipasuka, basi.

Mimi ni binti wa wafugaji, Mkuria wa huko mpakani. Ziwa nililiona mara ya kwanza nilipoolewa. Kidholuo changu kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo mimi na Mama tulikutana katikati, kwenye Kiswahili.

“Mama, hii kamba inateleza kidogo,” nilijaribu.

“Haraka, nyar Kuria. Sabato inaingia.” Ndivyo alivyoniita, binti wa Wakuria.

“Naweza kurudia hii moja tu.”

“Mimi nimefunga magunia hata kabla hujazaliwa. Imeisha!”

Ikaisha. Mkwe gani hubishana na mama mkwe gatini, watu wakitazama?

Jumamosi, katikati ya hubiri, upepo uliamka. Turubai la hema likaanza kupiga makofi, na kutoka upande wa ziwa nikasikia: du. Kimya. Du. Watu walisema amina. Nilijiambia ni boti ya mtu mwingine, maana gatini zilikuwa nyingi. Lakini tairi likigonga hutoa sauti nzito ya kushiba, na hii ilikuwa kavu, ubao juu ya zege. Nilimtazama Mama. Alikuwa amemkazia macho mhubiri, kitabu cha nyimbo magotini, na kila boti ilipogonga, kidole gumba chake kilikunja pembe ya ukurasa. Anasikia, nikasema moyoni. Anasikia na hatainuka.

Sabato ya Mama haikuwa na mlango wa nyuma. Hata kuzoa majivu ya jikoni kulisubiri jua la Jumamosi lizame. Niliihofia boti, ila nilimhofia yeye zaidi. Nikiigusa ile kamba, nitakuwa mke wa kabila lingine aliyemdharau Mungu wake na fundo lake kwa mpigo mmoja. Du. Mungu anisamehe, nilimfinya mtoto paja. Akapiga yowe, nami nikainuka, kwa kuwa mwenye mtoto anayelia haulizwi aendako.

Nilikuta tairi moja limeshakwenda zake, linaelea kando ya boti. La pili lilining'inia kwa uzi, na la tatu, la mbele, lilikuwa limelegea. Ukingo wa boti ulikuwa umeanza kuchanika, vibanzi vimesimama. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikalala kifudifudi kwenye zege na gauni langu la kanisa, nikalivua kwa mkono lile tairi lililoelea. Nikaanza kulifunga kama baba alivyofunga madume ya ng'ombe nyumbani: kamba inazunguka mara mbili, kisha inajiuma, na kadiri dume anavyovuta ndivyo inavyokaza. Wimbi liliinua boti, nikachomoa vidole, likaishusha, nikavirudisha. Mtoto naye, kila nilipoinama, alitaka kunitangulia majini.

Nilipoinua kichwa, niliona viatu vyeupe vya Mama.

Nilingoja nitukanwe, au nifukuzwe nirudi kwetu. Mama aliinama, akafungua leso, akamtoa mtoto mgongoni kwangu. Kisha akaketi juu ya nguzo ya kufungia boti, akaligeuzia ziwa mgongo na kutazama mjini.

“Mimi sioni kitu,” akasema kwa Kiswahili, ili nisije nikakosa kuelewa. “Mimi nabembeleza mtoto.”

Nilirudi kwenye kamba. Sasa mgongo ulikuwa mwepesi, mikono yote miwili ilikuwa yangu. Nilimaliza lile la katikati, nikafunga la nyuma. Du.

“Hiyo ya mbele bado inagonga,” Mama akasema bila kugeuka.

Nilikwenda mbele, nikalifungua lile fundo la gunia kwa mvuto mmoja, nikafunga upya. Wimbi likaja, boti ikaegemea tairi, ikanyamaza. Tukasubiri jingine. Likaja, likapita. Mama alishusha pumzi ndefu, akamwinamia mtoto, akazungumza kwa sauti ambayo ningeisikia hata ningekuwa mwisho wa gati.

“Jua ikizama, mama yako atanifundisha hiyo kitu sijaona.”