Vile nilizaliwa Kilwa

Leo tu ndjo nimejua ginsi nilizaliwa.

Mutoto yangu Solange anasoma électricité ku université. Saa ya chakula alikuwa anaelezea mama yangu ginsi bantu ba kando ya bahari banatosha courant mu upepo, mu mawimbi, na mu maji yenye kupanda na kushuka.

Alikuwa anasema polepole, paka vile banasemaka na mutoto. Nilisikia haya kidogo.

Mama alisikiliza muzuri, kisha akauliza: "Na upepo ikinyamaza, nani anazungulusha mabawa yake?"

Solange akacheka. "Hakuna muntu, nkambo. Inasimama."

"Bwana yangu hakuiachaka isimame."

Nikamuuliza anasema nini. Baba alikufa zamani, na hakutuambiaka kitu.

Mama akatuelezea: wakati inchi yetu ilikuwa inaitwa Zaïre, alikuwa anazalisha bamama kule Kilwa, pembeni ya ziwa. Mafuta ya taa ilikuwa inakosekana. Baba akatosha dinamo ku velo yake, ile baiskeli, akaifunga juu ya muti mufupi inje ya mulango, akaitilia mabawa ya bati. Upepo ya ziwa ikawasha taa.

"Usiku moja mi mwenyewe ndjo nilikuwa nazaa," mama akasema. "Mutoto alitanguliza miguu. Upepo ikanyamaza, taa ikazimika. Bwana yangu akapanda juu ya kiti, akazungulusha yale mabati na mikono mpaka mwenzangu wa kazi akamutosha mutoto. Mikono ya bwana ilikatwa na bati, ilikuwa paka damu."

Solange akauliza kama ule mutoto alipona.

Mama akanyoosha kijiko kwangu, akaendelea kula.

Mi nilishindwa kumaliza chakula.

Benye bangali na mama, mumuulize leo ginsi mulizaliwa. Mutuambie hapa.